Kituo kilichobadili muziki kikapoteza saa kumi

Kuna fundi cherehani pale soko la Kachoma, Tabora mjini, mwenye kiredio cha betri alichokifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kukitundika msumarini juu ya mashine yake. Jumatatu moja ya mwezi wa nne, saa kumi alasiri, alinyoosha mkono kuongeza sauti kama afanyavyo kila siku. Kisha akakitungua, akakipiga kofi, akakigeuza kutazama mshale wa masafa. Akamuuliza mwanafunzi wake, "We dogo, nani kagusa redio yangu?"

Hakuna aliyeigusa. Mshale ulikuwa palepale, ila badala ya magitaa ya dansi ilikuwa inakimbia singeli. Mimi nilikuwepo, nimepeleka suruali ya kufupisha, na nilijua kila kitu kwa sababu ndiye niliyeipanga ile singeli kwenye kompyuta Jumapili usiku. Nilikuwa fundi mitambo wa kituo hicho. Nikanyamaza, nikalipa, nikaondoka.

Jina la kituo halina kazi hapa. Ni redio ndogo ya mkoani kama zilivyo nyingi: chumba kimoja cha studio, magodoro ukutani kuzuia mwangwi, mnara, jenereta inayolia kama ina pumu, na watu wasiofika kumi na watano. Nakiandika kisa hiki kwa sababu nimesikia kinasimuliwa vibaya mara mbili. Wazee wanasema vijana waliua redio. Vijana wanasema wazee hawataki mabadiliko. Wote wanaongelea nyimbo, na nyimbo ndizo zilizokuwa na sehemu ndogo kuliko zote katika mambo yaliyotokea.

Kabla ya Jumatatu hiyo ratiba ilikuwa ya kawaida. Asubuhi magazeti na bei za sokoni, mchana mchanganyiko, Ijumaa kaswida, Jumapili kwaya. Bongo fleva ilikuwepo, tena nyingi, hasa usiku. Lakini saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ilikuwa ya dansi na salamu, na mwenye saa hizo alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu wa reli, ambaye kituoni wote tulimwita Mzee tu. Alikuwa anafungua kipindi kwa kusema "Mwangaluka!" Kwa Mnyamwezi hiyo ni salamu ya asubuhi. Yeye aliitoa saa kumi, akieleza kwamba anawasalimia waliokuwa wamelala mchana badala ya kufanya kazi. Utani huohuo kila siku, kwa miaka, na watu walikuwa wanausubiri.

Dansi Tabora si muziki wa kuletwa. Mji huu ndio uliotoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukatoa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Kwa mtu wa miaka sitini wa Ng'ambo au Isevya, yale magitaa ni ya vijana aliocheza nao mpira. Na nyimbo hizo hazipatikani kirahisi. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilikuwa zinarekodi kwenye studio za redio ya taifa, kanda zinabaki maktaba huko, na mitaani watu wanarekodi kwa kaseti kutoka redioni. Mzee alikuwa amezikusanya kaseti hizo nyumba kwa nyumba, akazihamishia kwenye sidii, baadaye kwenye hadi diski ya mfukoni. Baadhi zina mvua juu ya bati kwa nyuma. Kuna moja ambayo mwisho wake kabisa inasikika sauti ya mwanamke akiita mtoto aje kula. Mzee hakuwahi kuikata. Alisema yule mama naye ni mwanabendi.

Kisha salamu. Msomaji wa Dar huenda akacheka, lakini wanasalamu ni watu makini. Zamani walinunua kadi, siku hizi wanatuma meseji au wanapiga, na kila mmoja ana jina lake la hewani. Mmoja alijiita kwa jina la mwembe ulio mlangoni kwake. Wana mikutano, wanachangiana misibani, wanatembeleana Nzega hadi Urambo bila kuwahi kuonana kabla. Salamu yenyewe ina utaratibu: jina lako, ulipo, unaowasalimia, ujumbe, nao ujumbe mara nyingi ni methali. Mzee aliandika zote kwenye daftari kubwa la mistari. Katikati ya salamu aliingiza matangazo ya vifo, ya mbuzi waliopotea, ya mtoto aliyeokotwa stendi. Hayo yalilipiwa fedha kidogo, na kwa kuwa ni kidogo hakuna aliyeyahesabu.

Sasa tuje kwenye uamuzi, na hapa nataka kuwa mwadilifu. Mkurugenzi wetu si mjinga. Mishahara ilikuwa imechelewa, ada za leseni zilikuwa zinakaribia, na umeme ukikatika jenereta inakunywa dizeli bila huruma. Afisa masoko alikuwa amekwenda Dar akarudi na habari moja ya kweli: fedha kubwa za matangazo ziko kwa kampuni za simu, za kubashiri na za vinywaji, zinapita kwa mawakala, na wakala swali lake la kwanza ni umri wa wasikilizaji wako. Ukimwambia wastaafu wa reli, mazungumzo yanaishia hapo.

Tukafanya utafiti, kama mwenyewe utaruhusu neno hilo. Kwa wiki mbili tulihesabu ujumbe wa WhatsApp na maoni ya Facebook kwa kila kipindi. Kipindi cha usiku cha bongo fleva kilikuwa kinafurika. Saa kumi alasiri ilikuwa tupu, maoni mawili matatu, moja likiwa la binti wa Mzee. Nikaliandika jedwali mwenyewe, nikalipaka rangi. Kikaoni nilisema, nakumbuka vizuri, kwamba namba hazina mjomba.

Kosa lilikuwa wazi kiasi kwamba hatukuliona. Wasikilizaji wa saa kumi wanatumia viswaswadu. Wanapiga, au wanatuma meseji ya kawaida kwenye namba ya Mzee, na meseji hizo zilikuwa zinaishia kwenye daftari la mistari. Madaftari yalikuwa yamepangwa kwenye rafu nyuma ya kiti nilichokalia wakati nahesabu. Tulihesabu kilichokuwa kwenye kioo cha simu kwa sababu kioo kilikuwa kinahesabika.

Mfumo tulioleta una historia yake. Wazo la redio kuzungusha orodha fupi ya nyimbo zinazopendwa lilianzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na anayetajwa zaidi ni Todd Storz wa kituo cha KOWH kule Omaha. Watu wanasimulia kwamba aliona mhudumu wa baa, baada ya kusikia wimbo uleule siku nzima, akitoa sarafu yake mwenyewe ili aupige tena. Sina ugomvi na wazo hilo, limelisha redio nyingi. Kwetu liliingia kama programu ya kompyuta: unaingiza nyimbo, unaiambia zipi zijirudie kila baada ya saa ngapi, unakwenda kunywa chai. Mtangazaji anaingia kusema jina la kituo na kutoka. Kwa kituo kisichoweza kulipa watu, hiyo ni neema.

Mzee aliambiwa Ijumaa jioni, baada ya kipindi, mlangoni. Hakupewa nafasi ya kuaga. Mkurugenzi aliogopa kwamba akiaga watu watalia hewani na wadhamini watasikia. Mzee alichomoa hadi diski yake, akaitia kwenye mfuko wa kaki, akauliza kama madaftari anaweza kuyaacha. Tukasema hakuna shida. Ilikuwa diski yake, aliinunua kwa fedha yake. Kituo hakikuwa na nakala ya hata wimbo mmoja. Hilo halikumsumbua mtu siku ile.

Wiki ya kwanza ilikuwa shangwe. Simu ya studio haikutulia, vijana wa Ipuli na Cheyo wanapiga kusema hatimaye Tabora imeamka. Bodaboda walibandika stika zetu. Mkurugenzi alinunua soda.

Nilianza kuona tofauti mwezi wa pili tangu tubadilishe, na sikuiona kwenye Facebook. Niliiona kwenye kitabu cha risiti. Tabora fedha ina msimu. Huu ni mkoa wa tumbaku. Wakulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wanauza kupitia vyama vyao vya msingi, malipo yanaanza kushuka baada ya masoko kufunguliwa kati ya mwezi wa nne na wa tano, na hapo ndipo muuza bati, muuza pikipiki, muuza godoro na muuza sola wanapotafuta redio. Hawapitii kwa wakala wa Dar. Wanakuja wenyewe na kofia, wanakaa, wanapatana bei, wanalipa mkononi. Mwaka ule hawakuja. Afisa masoko akamfuata mmoja, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mtu aliyekuwa akitangaza nasi kila msimu. Akamjibu kwa upole, "Mwanangu, wateja wangu ni wenye nyumba. Huyo anayeimba kwenu sasa hivi analala kwa mama yake."

Kampuni za Dar? Moja ilileta tangazo la wiki tatu. Nyingine zilisema zitatufikiria. Ukweli ambao afisa masoko hakuambiwa, au aliambiwa akausahau, ni kwamba kijana wa Tabora anayetaka singeli anaipata kwa redio kubwa za Dar na Mwanza zinazosikika hapa, tena zenye watangazaji anaowajua kwa sura. Na zaidi ya hapo anayo kwenye simu. Pale stendi kuna vibanda vya kuchaji simu ambako kijana anakujazia memori kadi nyimbo mpya kwa bei ya chapati. Tulikuwa tumehamia kwenye biashara ya kumuuzia maji mtu aliyesimama mtoni.

Lakini bado sijafika kwenye kiini. Ningeishia hapo, kisa kingekuwa cha masoko tu: mlichagua wateja wasio na fedha, basi. Kilichonifanya nifikiri upya ni Mzee mwenyewe.

Baada ya kuondoka alikaa nyumbani majuma machache, kisha akaonekana kwenye kimojawapo cha vile vibanda vya stendi, amekaa benchi na hadi diski yake, anawajazia wazee wenzake memori kadi. Dansi, rumba, kila kitu. Wateja walipanga foleni. Yule fundi cherehani alikuwa miongoni mwao: alinunua redio mpya yenye tundu la memori, akawekewa nyimbo zaidi ya alizoweza kusikiliza mwaka mzima. Nilipokwenda kwake na suruali nyingine, redio ilikuwa kimya. Nikamuuliza kulikoni, si ana nyimbo zote sasa?

Akasema, bila kuinua macho kwenye sindano, "Ninazo. Ila hii haijui jina langu."

Nilirudi kituoni nikayashusha yale madaftari. Nilikaa nayo usiku mbili. Sikutegemea nilichokikuta. Wimbo ulikuwa unatajwa kwa nadra. Watu hawakuwa wanaomba wimbo fulani. Walikuwa wanasema mimi nipo, wa Kiloleni, bado mzima, namsalimia dada yangu Igunga, mwambieni mahindi nimepata. Mama mmoja alikuwa anatuma salamu kwa mwanawe aliyeko migodini kila Alhamisi, hajawahi kuruka, na daftari linaonyesha siku ambayo mwana alijibu. Pembeni Mzee ameandika kwa kalamu nyekundu: kajibu. Ukurasa wa mbele, tarehe za misiba. Saa kumi ndiyo iliyokuwa saa ya mji kuitana majina. Dansi ilikuwa mkeka uliotandikwa ili watu wakae. Tulipouvuta mkeka tulidhani tunabadilisha rangi ya chumba.

Na mambo yalikuwa yameanza kutokea. Miezi ile watu walikosa mazishi. Nisikuze jambo, simu zipo, ndugu wa karibu wanaambiana. Ila jirani wa zamani, rafiki wa kazini, mtu mliyeimba naye kwaya miaka ya themanini, huyo alikuwa anaambiwa na Mzee saa kumi na robo. Nimemsikia mzee mmoja wa Gongoni akisema alijua kifo cha mwenzake baada ya arobaini.

Jambo hili si la Tabora peke yake. Tarehe 3 Juni 2005 kituo cha WCBS-FM cha New York, kilichokuwa maarufu kwa nyimbo za zamani, kilibadilishwa ghafla kuwa cha mtindo uitwao Jack: kompyuta, nyimbo za mchanganyiko, hakuna watangazaji. Sababu zao zilifanana na zetu, watangazaji wa biashara walitaka wasikilizaji wa umri mdogo zaidi. Kelele zilikuwa kubwa, na tarehe 12 Julai 2007 nyimbo za zamani zikarudishwa. Ila mtangazaji wao mashuhuri, Bruce Morrow aliyejulikana kama Cousin Brucie, alikuwa ameshahamia Sirius, redio ya satelaiti, na kituo kiliporudi yeye hakurudi nacho. Nilipokisoma kisa hicho nilicheka peke yangu. Wao mtu wao alikwenda angani, wa kwetu alikwenda stendi.

Mkurugenzi alikubali mwezi wa nane. Sikumshawishi mimi wala madaftari, lilimshawishi deni la dizeli. Kikao kilikuwa kifupi. Uamuzi: usiku na asubuhi zibaki kwa vijana, jambo ambalo naliunga mkono mpaka leo, kwa sababu kipindi cha usiku kilikuwa kizuri na kilikuwa na watu wake halali. Saa kumi irudi ilivyokuwa. Afisa masoko akapewa kazi ya kuandaa dansi. Baada ya siku mbili alirudi na nyimbo kumi na tisa alizozipata mtandaoni, nne kati yake za bendi za Kenya. Hapo ndipo watu walikumbuka mfuko wa kaki.

Tulikwenda watatu, tukamkuta benchini. Mkurugenzi alimwamkia shikamoo, akakaa chini kidogo yake, akaomba radhi vizuri, sitaki kumnyima sifa hiyo. Mzee akaitikia marahaba, akaagiza kahawa, akatuuliza habari za jenereta. Masharti yake aliyatoa kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Alipwe kila Jumamosi, hataki habari za mwisho wa mwezi. Matangazo ya vifo yasomwe hata kama mfiwa hana fedha. Na diski itakuja saa kumi kasorobo na kuondoka saa kumi na mbili na dakika tano, mkononi mwake.

Siku ya kurudi hatukutangaza. Hakukuwa na tangazo lolote, Mzee alikataa. Saa kumi kamili alisema "Mwangaluka!", akafungua daftari la mwisho kwenye ukurasa ule alioachia Ijumaa ya mwezi wa nne, akaanza kusoma salamu zilizokuwa zimebaki, moja baada ya nyingine, zikiwa na umri wa miezi minne. Za kuulizia hali ya mgonjwa aliyekwisha kupona. Za kumpongeza mtoto kwa mtihani ambao sasa umesahaulika. Kwenye jina moja alisita, akanitazama kupitia kioo, kisha akalisoma kama lilivyoandikwa. Simu ya kwanza iliingia saa kumi na dakika sita. Kufikia magharibi sikuwa na pa kuandika.

Muuza vifaa vya ujenzi alirudi mwezi wa tisa, msimu ukiwa umeshaisha, akanunua tangazo la miezi mitatu. Deni la dizeli bado lipo.

Limebaki jambo moja nisilojua nilifanyeje. Wiki iliyopita mkurugenzi alinivuta pembeni. Alisema Mzee umri umekwenda, siku moja hataamka, na kituo kitarudi kulekule kwenye nyimbo kumi na tisa. Akasema diski inakaa kwenye mashine yangu saa mbili kila siku, waya uko karibu na goti langu, na kunakili hakuchukui muda. Kuhusu hakimiliki za nyimbo zenyewe hakugusa, na mimi sikuligusa. "Ukipata nafasi," alisema. Jana Mzee alichelewa kuichomoa, alikuwa anaongea na msikilizaji wa Sikonge aliyepoteza mbuzi wawili, na taa ya diski ilikuwa inawaka mbele yangu. Nilikaa naiangalia mpaka alipomaliza.